Viza ya Siku Kumi

Ubalozi haukutaka tena tiketi ya kurudi. Badala yake, mke wa mwombaji wa viza ya utalii aliweka kiganja kwenye mashine ya kupima ukweli, akajibu swali moja.

"Mumeo atarudi?" afisa alimuuliza Mwanahamisi.

"Atarudi."

Mashine ilithibitisha kwamba anaamini kwa moyo wote, na viza ya siku kumi ikatoka palepale.

Walipotoka nje, mumewe Kombo hakushangilia. "Kumbe uliamini kweli?"

"Kwani hukutaka niamini?"

"Nauliza tu."

Jioni, akimpangia mumewe nguo, Mwanahamisi alikuta vyeti vyote vya shule vya Kombo, na cha kuzaliwa, chini kabisa ya begi. Alivifunika kwa mashati, akafunga zipu taratibu.

"Kombo, kesho ubalozi unafunguliwa saa ngapi?"