Injini ya Kuuza

Merle aliivisha alteneta, ile inayochaji betri, mfuko wa mkate isiingie maji, kisha akaipulizia injini dawa ya kuondoa grisi. Povu likageuka jeusi, likachuruzika hadi kwenye makatoni aliyotandika chini ya gari. Akasuuza taratibu. Kigari chake kikuukuu kikang'aa ndani kama sufuria ya harusi.

Mkewe akatoka na kahawa, akanusa harufu ya limau.

"Unaiosha uone panapovuja, au unaiosha asione mwenzio?"

"Mama, nipumzishe. Mnunuzi yuko njiani."

"Nimeuliza tu, mzee wangu."

Merle akawasha injini ikauke. Hapo ndipo alipoliona: tone la oili, safi, rangi ya asali, likivimba polepole kwenye chuma kilichotakata. Miaka yote lilikuwa limejificha ndani ya uchafu. Akalifuta kwa tambara. Baada ya muda likarudi.

Akalifuta tena, maana msichana aliyevaa sare za uuguzi alikuwa ameshaingia uani, amekumbatia kiti cha mtoto cha garini.

"Shikamoo, mzee! Naomba nijaribu kama kiti kitaingia." Akachungulia chini ya boneti. "Lo! Injini safi hivi? Basi sina haja ya kumleta fundi."

Mkewe akainamia kahawa yake.

Merle akalikunja tambara mkononi, akalitia mfukoni.

"Usikifunge kwanza hicho kiti, binti. Sogea, tazama hapa penye kidole changu. Ngoja kidogo. Tone la oili litatoka tena."