Chambo cha Rangi

Chambo cha shaba kilikuwa kikavu, tena kimeshika vumbi.

Raili alikigeuza kiganjani mara mbili. Mumewe, Kauko, alikuwa bado sauna, kwenye chumba cha mvuke. Alisikia maji yakichachatika juu ya mawe ya moto. Kipande kile Kauko alikikata mwenyewe kutoka kwenye birika bovu la kahawa mwaka waliooana, na kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kushuka kwenye barafu ya ziwa kuvua bila hicho. Wenzake waliovulia vyambo vya dukani aliwacheka, akawaita watoto wapenda pipi.

Leo kisanduku chake kilikuwa na vinne vya dukani. Vikubwa, kila kimoja kama kidole gumba: kimoja rangi ya chungwa, kimoja kijani cha kumeremeta, na viwili vya waridi ambavyo ukivitikisa vinalia kama kichezeo cha mtoto mchanga.

"Unatafuta nini humo?" Kauko alikuwa mlangoni, mwekundu kwa joto, taulo kiunoni.

"Sitafuti. Nauliza tu, hiki cha shaba kimekukosea nini?"

"Samaki wamebadilika, bibie. Siku hizi wanataka rangi."

"Samaki hawa hawa wa ziwa letu?"

"Hao hao."

"Na nani kakufundisha rangi, wewe uliyekwenda kanisani juzi na soksi mbili tofauti?"

"Sirkka wa dukani," alisema Kauko. "Yule ana jicho la rangi." Akacheka, kisha akakikata kicheko ghafla kama mtu aliyejikwaa.

Raili alifunga kisanduku. Sirkka alikuwa mjane wa mwaka wa pili, mwenye duka la zana za uvuvi pale bandarini, mwanamke wa kucheka kwa sauti. Tangu Oktoba Kauko alikuwa ameacha kuendesha gari. Mgongo, alisema. Sasa kila Jumamosi Sirkka alipiga honi nje, na Kauko akatoka na kiti chake cha kukunja na kisanduku. Mgongo gani huo, Raili alijiuliza, unaouma kwenye usukani lakini hauumi kwenye kiti cha pembeni?

Na hayakuwa hayo tu. Magazeti Kauko alikuwa hagusi tena. Alimwomba Raili amsomee, akisikiliza huku amefumba macho, mawazo yakiwa mbali. Simu alikwenda kupigia ghalani. Asubuhi moja alimshika Raili uso kwa vidole, polepole, paji, pua, mdomo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu uchumba wao. Raili alimwachia. Alishasikia kwamba wanaume wenye makosa hugeuka wapole.

Jumatatu alikwenda dukani, akajifanya anataka uzi wa mshipi.

"Kauko naye!" Sirkka alisema bila kuulizwa. "Kuchagua chambo kimoja ni saa nzima. Anashika hiki, anapapasa kile, anatikisa sikioni. Mpaka wateja wengine wanamtania."

"Nyumbani hana subira hivyo," alisema Raili.

Sirkka aliinamisha kichwa, akaanza kupanga ndoana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kuna kitu unataka kuniambia, Sirkka?"

"Dada Raili, mimi niliapa." Shingo yake ilikuwa imepata madoa mekundu. "Atakwambia mwenyewe. Kila wiki namwambia, mwambie mkeo, mwambie mkeo. Anasema bado kidogo."

Raili aliondoka bila uzi. Usiku hakula, alisema tumbo. Kauko alimpapasa mkono mezani, akaangusha kikombe, akaomba radhi mara tatu kwa kikombe kimoja.

Jumamosi Raili alimwambia anakwenda kwa dada yake mjini Kuopio, atarudi jioni. Alipanda basi, akashuka kituo cha pili, akakata kichaka hadi ziwani, akafuata nguzo za mbao zilizoonyesha njia juu ya barafu. Jua lilikuwa kali, theluji ikiwaka kotekote. Mtu ungemwona kilomita nzima. Hakujali. Alikuwa amevaa koti lake jekundu, lile ambalo Kauko husema anaweza kulitambua katikati ya umati wa Helsinki. Alitaka atambuliwe. Alitaka aone uso wa Kauko unavyobadilika.

Walikuwa wawili tu, kama alivyojua. Kauko amekaa kwenye kiti chake mbele ya shimo la barafu, mshipi mkononi. Sirkka, hatua hamsini upande wa pili, alikuwa amewapa mgongo, akitoboa shimo jingine kwa kekee ya injini iliyonguruma ziwa zima. Kwa kelele ile Raili hakusikia hata hatua zake mwenyewe.

Njia nzima alipanga maneno. Miaka arobaini na moja. Ungeniambia tu. Ningekufungia hata nguo zako. Alipomzunguka Kauko na kusimama mbele yake, hatua tatu, maneno yote yalikuwa tayari mdomoni.

Kekee ilizimika.

Kauko aliinua kichwa. Alimtazama moja kwa moja, machoni, jua lote likiwa usoni pa Raili. Hakushtuka. Hakuficha mshipi, hakugeuka kumtafuta Sirkka. Alitabasamu tabasamu lake la adabu, lile la watu asiowajua.

"Samahani," alisema, "hapo amesimama mtu, au wameweka nguzo nyingine ya njia?"