Mwenye Maji

Chemchemi ya mji ilipokauka, mafundi walileta baruti ili waupasue mwamba wake. Mwatumu, mfinyanzi aliyechimba udongo pale tangu usichana wake, akaenda kuketi juu ya mwamba ule.

"Mama, tafadhali ondoka, tunataka kulipua," msimamizi alimsihi.

"Mwenyewe yumo ndani, mwanangu, na hamjapiga hodi."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye maji."

Alitia mkono kwenye ufa mpaka begani, akasalimu kama mtu aliyefika kwa jirani, akaomba radhi kwa kelele za mafundi. Kisha akaanza kutoa changarawe kavu, konzi baada ya konzi. Msimamizi aliwaambia watu wake wangoje.

Baadaye mkono ulitoka na tope jeusi, bichi. Mwatumu alilinusa, akacheka, akaurudisha mkono ndani.