Somo Alilorudisha Siwema

Sheria ilikuwa moja kwa kila nyumba: somo moja, kichwa kimoja. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza alichagua masomo ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyeyashika. Tausi alitaka udaktari, na bila Biolojia udaktari hausomeki. Lakini Biolojia ya nyumba ile alikuwa nayo mama yake, Siwema, mkunga wa mtaa mzima.

"Basi nitachukua Ushonaji," Tausi alisema, kisha akaenda kulia uani akidhani hasikiki.

Kesho yake Siwema alikwenda ofisi ya elimu, akaingiza kichwa kwenye mashine, akalirudisha somo. Hakuumia hata kidogo. Njiani alinunua maandazi.

"Sasa ni lako, mwanangu," alisema, wakakumbatiana.

Ila tangu hapo hakutulia. Alifungua mkoba wake wa kazi, akashikashika vifaa, akaufunga, akaufungua tena.

Jumamosi mchana jirani yao Shomari aligonga mlango kwa fujo.

"Mama Tausi, njoo! Mke wangu uchungu umemzidi, na mtoto anatanguliza miguu!"

Siwema alikwapua mkoba akakimbia, Tausi nyuma yake. Mke wa Shomari alipomwona tu, uso ukamlegea kwa nafuu.

"Umekuja," alinong'ona. "Basi nimepona."

Siwema alivaa glavu. Akaitazama mikono yake. Haikujua pa kuanzia.

Akamgeukia binti yake. "Wameshakuwekea lile somo?"

"Bado, mama," Tausi alisema. "Shule inafunguliwa Jumatatu."