Mistari Yote Saba

"Ziba jicho la kushoto," daktari wa macho alimwambia dereva.

Alikuwa na woga tangu alfajiri. Hata chai ilimshinda. Sista alipopita na bomba refu la karatasi kwapani na kumwambia jambo, alijibu "sawa, sawa" bila kusikia neno. Akilini mwake alikuwamo mtu mmoja tu, huyu mzee anayeendesha basi la shule, na macho yake mawili.

Miezi mitatu nyuma alimweleza yote. Ili leza irekebishe jicho lisiloona mbali, lazima ngozi nyembamba ya juu itolewe kwanza. Unaweza kuikwangua kwa brashi. Unaweza kuilainisha kwa spiriti na kuisukuma kando. Au unaiachia leza yenyewe iiondoe, mkono wa mtu usiguse kitu.

"Ipi inapona upesi?" dereva aliuliza, miwani yake mizito ikimteleza puani.

"Hilo ndilo ninalolitafuta, mzee wangu."

Wakakubaliana: la kulia kwa brashi, la kushoto kwa leza peke yake. Mzee alitia saini huku akicheka kwamba macho yake sasa yatashindana kama wake wenza. Kisha akakaa saa nzima kwenye kiti hiki hiki akisubiri karatasi zake, akiutazama ubao wa herufi.

Mashindano hayakupata mshindi. Baada ya upasuaji, macho yote mawili yalifanya ukungu. Mwezi wa kwanza aliishia mstari wa pili. Mwezi uliofuata, hata ile herufi kubwa ya juu aliibahatisha tu. Usingizi ukamhama daktari. Ukungu huo usipoondoka, basi amempofusha mtu aliyemwamini, kwa sababu tu alitaka kulinganisha.

"Leo ndiyo mwisho," dereva alisema kutoka kitini. "Nisipopeleka barua yako kwamba naona, nimemwaga unga. Basi liko hapo nje na watoto. Mwenzangu ananisubiri anikabidhi usukani."

"Usifinye jicho," daktari alisema. "Anza juu."

Aliketi mbele yake kama kawaida yake, mgongo kwenye ubao, akilichunga jicho. Herufi hakuwa na haja ya kuzitazama. Miaka kumi na moja alikuwa akizisikia zikisomwa. Hata usingizini angezitaja.

"H," dereva alisema. "N, V. K, D, Z..."

Hakusita. Mstari wa nne, wa tano, mpaka ule wa mwisho ambao hata sista huukosea. Daktari alimfuatisha kimoyomoyo, herufi kwa herufi, na hakuna aliyoikosa.

"Sasa ziba la kulia, soma kwa la kushoto."

Yote saba tena, kwa mkupuo mmoja.

Machozi yalimlenga daktari. Alitamani kumkumbatia. Kwenye daftari lake la utafiti aliandika: kulia na kushoto, hakuna tofauti. Akaahirisha kumchunguza kwa darubini hadi wiki ijayo. Mtu ameshasoma, kumebaki nini? Akaandika barua, akaigonga muhuri.

Dereva alipapasa hewani kidogo kabla ya kuipata. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema, akatoka haraka, kiganja kikiambaa ukuta.

Daktari alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi njaa, na sista alipoingia na kikombe cha chai alikipokea kwa mikono miwili.

"Umeuonaje, daktari?" sista aliuliza.

"Nini?"

"Ubao mpya. Si nilikwambia asubuhi? Ule wa zamani ulikuwa umepauka, nimeutupa."

Daktari akageuka. Ukutani, juu kabisa, herufi ya kwanza ilikuwa R.

Nje watoto walishangilia, na basi likanguruma.