Sala ya Kumsindikiza Meneja

Pasta Musyimi alikuwa ameshawavusha wana wa Israeli Bahari ya Shamu, na sasa alikuwa anawazungusha jangwani bila haraka yoyote. Gicheru alifungua jicho moja akaangalia saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Ofisi ya leseni kule mjini Wote hufungwa saa kumi na moja, na leseni ya kisima chao cha gesi ilikuwa inakufa leo hii, Alhamisi, ofisi ikishafungwa.

Akalifumba tena. Angefanya nini? Huwezi kumkatiza pasta katikati ya sala, tena sala yenyewe ni yako.

Na alijitakia. Yeye ndiye meneja wa kisima, mtu wa Nyeri aliyeletwa huku nyuma ya Mukuyuni asimamie mafundi na kuwatuliza majirani. Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, akaweka ile sauti yake ya unyenyekevu, akawasihi waumini waikumbuke kampuni. Leseni inaisha Alhamisi, aliwaambia, na ikilala hata usiku mmoja, kisima hakina mwenyewe. Yeyote atakayewahi ofisini asubuhi anaweza kukichukua.

Kanisa zima liliguna kwa huruma. Mama Kavata alimuuliza mara mbili ni siku gani hasa. Huyu ndiye mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba na kujengeana mabwawa ya mchanga. Mwaka jana walimwomba Gicheru bomba moja tu la gesi ya kupikia, akawajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, wakarudi kuokota kuni. Na bado walikuwa wanamjali! Gicheru aliguswa sana.

Mbona basi angoje mpaka siku ya mwisho? Muulize Gikonyo, bosi wake kule Nairobi, aliyekalia karatasi za kuongeza muda wa leseni wiki nzima bila kutia sahihi. Zilifika leo adhuhuri kwa parseli, pamoja na onyo kwamba leseni ikifa, Gicheru asijisumbue kurudi ofisini hata kuchukua koti lake. Ofisi ya Wote inataka karatasi zenyewe, mkononi. Gicheru akarukia pikapu. Ni nusu saa tu, ukikanyaga mafuta.

Hakufika mbali. Mbele ya kanisa akina mama walikuwa wamejaa barabarani wakiimba. Sala ya kumsindikiza, walisema. Dakika tano tu, meneja.

Kwanza walimlisha. Muthokoi, halafu kuku, na kila sahani ilipokaribia kuisha Mama Kavata aliijaza tena kwa mkono wake. Kukataa hakukuwezekana, maana kampuni ilikuwa imemwagiza asiwaudhi watu hawa hata kidogo. Kisha wakaanza kuomba, mmoja mmoja. Mzee Ndolo aliombea matairi manne, akakumbuka na lile la akiba. Mwingine akaombea daraja. Kila mmoja alimwomba Mungu amfikishe meneja salama. Hakuna aliyemwomba amfikishe mapema. Hapo ndipo pasta aliposimama na kufungua kitabu cha Kutoka.

Amina ya mwisho ilipatikana saa kumi na nusu ikiwa imeshapita. Gicheru aliendesha kama mwizi wa mbuzi. Alipofika Wote, askari wa lango alikuwa anafunga mnyororo. Gicheru alibembeleza, akaonyesha kitambulisho, akakaribia kupiga magoti pale kwenye vumbi. Askari alimwambia arudi kesho, tena bila ubaya wowote. Gicheru akamlaumu Mungu kidogo, kisha akaogopa, akaacha.

Ijumaa alirudi mapema na shati lile lile la jana, amejiandaa kumlilia yeyote atakayefungua mlango. Alikuta benchi la nje limejaa. Mama Kavata alikuwa pale na wenzake wa mwethya, wamevaa sare, na Pasta Musyimi amekaa mwishoni, suti imepigwa pasi vizuri.

Machozi yakamlenga Gicheru. Watu gani hawa! Walioamka kukiwa giza, wakaja mpaka Wote kumtetea mtu ambaye si wa kwao. Alitaka kuwashukuru wote, akaanza na Mama Kavata, akamwambia kwamba hakutegemea wangesafiri hivi kwa ajili yake.

Mama Kavata alijisogeza, akampa nafasi kwenye benchi.

"Keti, meneja," alisema kwa upole. "Mlango ukifunguliwa, tunaingia sisi kwanza. Lakini hebu tuambie: hiyo kazi yako ya kusimamia kisima, tukikuandika sisi, unaweza kuanza Jumatatu?"