Mtelezo Mwekundu

Kabla ya mapambazuko viatu vidogo viligonga sakafu ya mbao: Joyeuse alikwisha kuvaa, tayari kwa uwanja wa watoto uliotengenezwa upya.

Saa tatu akateleza kwenye mtelezo mwekundu, akicheka, akatua juu ya kinyesi kibichi cha mtu mzima. Kilimtapakaa mpaka mapajani. Nzi walimfuata.

Akina mama benchini wakaziba pua. "Mumupeleke mbali!"

"Koko, twende. Sirudi tena huku!" Joyeuse alimlilia bibi yake.

Bibi akafungua kilemba chake, akampangusa. Mfagiaji mzee wa uwanja akaleta bidoni ya maji yake ya kunywa, akamwagia mtoto yote.

"Kesho nitafagia hapa kwanza, mama," mzee alimwambia Joyeuse. "Utakuya kunisalimia?"